Jiwe limegonga Jumatatu, kioo kimepasuka Alhamisi: humo ndani kulikuwa na nini?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mi ni dereva wa Noah, nabeba abiria Dar na Chalinze. Jumatatu nilikuwa Mlandizi, tipa la kokoto likanipita, kikokoto kimoja kikaruka kikapiga kioo cha mbele, ikabaki alama ndogo kama punje ya mchele. Nikaipuuza. Jumanne na Jumatano hamna kitu. Alhamisi asubuhi gari imelala nyumbani Mbezi, hakuna aliyeigusa, nakuta ufa umetoka kwenye ile alama umeenda kama futi moja kuelekea pembeni. Fundi anasema ni jua, mke wangu anasema nilibamiza mlango usiku, jirani anasema kioo chenyewe feki. Kinachonichanganya zaidi ni kwamba mwezi uliopita watoto walipiga mpira kwenye dirisha la ubavuni kwa nguvu zao zote na halikufanya kitu. Inakuwaje kikokoto kinaua kioo alafu mpira unashindwa?

Jibu: Marahaba kijana wangu, na pole sana, kioo cha mbele kwa mtu anayekula kwa gari ni pigo, najua. Mi nilianza na vioo nikiwa kijana kwenye karakana ya kukata vioo kule mtaa wa Gerezani, Dar, baadae nikasomea namna vitu vinavyovunjika na nikaja kufundisha hayohayo, kwaiyo swali lako nimelisoma mara mbili kwa furaha maana umeuliza kitu ambacho watu wengi wanakiona kila siku na hawakiulizi.

Nikwambie kwanza lililo kubwa: kioo chako kilipasuka Jumatatu. Pale pale Mlandizi, kwenye sekunde ileile uliposikia "ta!". Ulichokikuta Alhamisi ni ufa ule ule wa Jumatatu umekua. Na katika hao watu watatu, fundi na mkeo kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, jirani ndo simuungi mkono.

Tuanze na mpira. Mpira ukigonga kioo unajibonyeza, unalala juu yake eneo la sahani nzima, nguvu inatawanyika, kioo kinapinda kidogo kama ubao kisha kinarudi. Kikokoto chenye kona kali kinagusa kioo kwa eneo dogo kuliko ncha ya sindano ya kushonea, kwaiyo hata kama nguvu yake kwa jumla ni ndogo, pale kilipogusa presha inapanda mpaka kioo kinasalimu amri. Kioo cha kawaida kinasalimu kwenye kama gigapaskali 5.5, na ili uielewe hiyo namba, chukua upepo unaojaza kwenye tairi la Noah yako, zidisha mara 25,000 hivi. Mpira wa watoto hauwezi kufika huko hata apige mchezaji wa Yanga. Kikokoto kinafika bila shida.

Sasa hapa kuna jambo ambalo wanafunzi wangu wengi walikuwa hawaliamini mpaka waone kwenye maikroskopu: kioo kinabonyea. Ndio, kioo. Tumezoea kwamba sufuria ukiiangusha inabonyea na inaendelea kupika wali, lakini kioo kinavunjika basi, hakina kubonyea. Ni kweli kwa kioo kizima, ila kwenye kile kidoa kidogo chini ya ncha kali, kioo kimebanwa pande zote kwa wakati mmoja, hakina pa kufungukia, kwaiyo atomu zake zinateleza na kusongamana kama udongo wa mfinyanzi ukiubonyeza na kidole. Ncha ikiondoka shimo linabaki. Maabara tunalifanya kwa makusudi, tuna kijipiramidi cha almasi chenye pembe ya nyuzi 136 kati ya nyuso zake zinazotazamana, kipimo kinaitwa Vickers, unakishusha juu ya kioo kwa uzito unaoujua kisha unaangalia. Kwa kioo cha dirisha uzito wa gramu 100 tu, yani kama ndizi moja ya kawaida, unaweza kutosha kuanza kuonyesha nyufa kwenye kona za lile shimo. Ndizi moja! Wakati huohuo mtu mzima anaegemea dirisha lilelile kwa kiwiko na hamna kitu.

Na shimo hilo ndo mzizi wa shida yako yote. Umewahi kupasua gogo la mwarobaini kwa kabari? Unaigonga kabari inaingia, inasukuma mbao huku na huku, gogo linaanza kulia, ufa unatangulia mbele ya kabari. Alafu unaweka nyundo chini unaenda kunywa maji, kabari imebaki humo ndani, na unarudi unakuta ufa umesogea wenyewe. Basi kile kioo kilichosongamana chini ya ncha ya jiwe ni kabari. Kimesukumwa mahali ambapo hakitoshi, kinasukuma kioo kizima kilichokizunguka, na jiwe likishaondoka chenyewe hakiondoki. Kinaendelea kusukuma usiku na mchana, gari ikiwa inatembea au imelala Mbezi.

Nyufa zenyewe zina mpangilio, sio kwamba zinatoka ovyo. Jiwe linapobonyeza, ufa wa kwanza huwa unaanzia chini kabisa ya shimo na kushuka wima ndani ya unene wa kioo, sisi wa juu hatuuoni vizuri. Jiwe linapoachia, na hii ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote kwenye hii elimu, mambo mengine yanatokea *wakati wa kuachia*. Kule juu wakati jiwe linabonyeza uso wa kioo ulikuwa umeshikiliwa chini, sasa umeachiwa unataka kurudi juu, lakini kabari imeung'ang'ania, kwaiyo kioo kinachanika kwa ulalo, sambamba na uso, kama ganda la kitunguu linavyoachana na kitunguu. Na ule ufa wa wima nao unapanda mpaka juu, unakuwa kama nusu sahani iliyosimama ndani ya kioo, ndo ile mistari ya nyota unayoiona ikitoka kwenye kidoa. Yani jiwe linaumiza likija na linaumiza tena likiondoka, na ile ya kuondoka mara nyingi ndo inayoonekana kwa macho.

Ukitaka uthibitisho nenda kwenye gari yako sasaivi, angalia ile punje ya mchele kwa pembeni jua likiwa linapiga. Utaona kuna sehemu inang'aa kama gamba la samaki. Hapo ndo kioo kimechanika kwa ulalo, mle ndani kumeingia safu nyembamba ya hewa na mwanga unagonga hiyo hewa unarudi. Ukiona gamba linang'aa ujue kabari ipo chini yake.

Kuna mpasuko wa aina nyingine usije ukauchanganya na huu. Kitu butu kigumu, tuseme gololi, kikigonga kioo kwa nguvu ya kutosha hakiachi shimo, kinaacha duara, na kutoka kwenye duara hilo ufa unashuka ukitanuka kama faneli iliyopinduliwa. Ndo maana dirisha likipigwa na gololi ya manati unakuta upande wa nje tundu dogo na upande wa ndani pamemomonyoka mduara mpana. Hesabu ya vitu viwili vya mviringo vikikutana aliifungua Mjerumani Heinrich Hertz, mwishoni mwa 1880 akiwa na miaka 23, alikuwa anajiuliza lenzi mbili za kioo zikibanwa pamoja zinabadilika vipi umbo. Ni yuleyule ambaye jina lake unalitaja kila ukitafuta stesheni ya redio kwenye gari, megahezi. Kwenye hesabu yake mkazo wa kuvuta, yani nguvu inayovuta kila kipande cha eneo, unakaa nje kidogo ya duara la mguso, na ndo mpasuko unapoanzia. Jiwe kali halifuati hiyo njia, linapita kwenye shimo na kabari.

Na kwaiyo aina ya jiwe ina maana. Kokoto nyingi zinazokuja Dar kwa njia hiyo yako zinatoka Lugoba, jiwe gumu, linavunjwa na mashine likiwa na kona kama wembe. Lingekuwa jiwe la chokaa, kama lile la Wazo Hill linalochomwa kutengenezea saruji, kwa ukubwa uleule na mwendo uleule ungekuwa na bahati zaidi, maana kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, kinachoanzia 1 mpaka 10, chokaa iko kwenye 3 na kioo kiko kwenye 5.5 hivi, kona ya chokaa inasagika yenyewe kabla haijakichimba kioo. Mchanga wa kawaida wenye madini ya kwazi uko kwenye 7. Hapohapo utaelewa kwanini nagombana na vijana wa kuosha magari wanaopitisha kitambaa kikavu kwenye kioo chenye vumbi, kila chembe ya mchanga kwenye hicho kitambaa ni kijijiwe kikali kinacholima mfereji mdogo, kimwagie maji kwanza jamani.

Sasa kwanini mkwaruzo au ufa mdogo kiasi hicho uwe na maana? Mwingereza A. A. Griffith, alikuwa akifanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa ndege cha Farnborough, mwaka 1921 alichapisha matokeo ambayo mpaka leo tunayategemea. Alivuta nyuzi za kioo za unene tofauti akazikata kwa kuzivuta. Uzi wa unene wa milimita 1 hivi ulikatika kwenye mkazo wa kama megapaskali 170 (megapaskali elfu moja ndo gigapaskali moja). Uzi mwembamba kabisa, wa maikromita 3 hivi, yani elfu tatu za milimita, ulibeba kama 3,400. Kioo ni kilekile, mara ishirini! Tofauti ni majeraha, uzi mwembamba hauna nafasi ya kubeba jeraha kubwa. Ufa unafanya mkazo wote ulioenea kwenye kioo ujikusanye kwenye ncha yake, na kioo hakina uwezo wa chuma wa kujilegeza pale kwenye ncha, kwaiyo kiungo kimoja cha atomu kinakatika, mzigo unahamia kwa jirani yake, naye anakatika, hivyohivyo. Kioo cha dirisha kilichotoka dukani, kikiwa kimeshabebwa na kupanguswa na kulazwa kwenye mbao, mara nyingi kinavunjika kwenye megapaskali 30 mpaka 70 tu. Nguvu yake imeliwa na mikwaruzo ambayo hakuna anayeiona.

Haya, siku tatu. Kwanini hakikwenda Jumatatu moja kwa moja kikangoja Alhamisi?

Ni maji. Sio lazima mvua, unyevu wa hewa unatosha, na Dar unyevu hatuutafuti, shati likianikwa usiku asubuhi bado bichi. Kioo kimejengwa kwa mnyororo wa silikoni, oksijeni, silikoni, oksijeni. Kwenye ncha ya ufa hiyo minyororo imevutwa na kabari mpaka karibu ikatike, alafu molekuli ya maji inapenya mle ndani, inajipachika kwenye kiungo kilichovutwa na kukikata, kila upande unabaki na oksijeni yake na haidrojeni yake, ufa umesogea hatua moja ya atomu. Molekuli inayofuata inafanya hivyohivyo. Hii ilipimwa vizuri na Mmarekani Sheldon Wiederhorn, matokeo yake yalitoka 1967, alichukua vile vipande vya kioo vya maikroskopu vyenye ufa, akavivuta kwenye hewa kavu sana na kwenye hewa yenye unyevu wa viwango mbalimbali, na kwa mvuto uleule ufa kwenye hewa yenye unyevu ulitambaa zaidi ya mara mia kuliko kwenye hewa kavu. Na ufa unaanza kutambaa hivyo mkazo ukiwa kama theluthi tu ya ule unaohitajika kukivunja kioo papo hapo. Piga hesabu ndogo: ufa ukitambaa maikromita moja kwa sekunde, huwezi kuuona ukisogea hata ukikodoa macho, lakini kwa saa moja umeshakwenda milimita 3.6 na kwa usiku mmoja ni sentimita tatu nne. Ukishakuwa mrefu kiasi cha kutosha haungoji tena maji, unaruka. Kasi yake ya juu kwenye kioo cha kawaida ni kama mita 1,500 kwa sekunde, ungekuwa kwenye barabara ungetoka Ubungo ukafika Kimara kwa sekunde chache. Kwaiyo Alhamisi alfajiri huenda futi nzima hiyo ilikwenda kabla hujageuka kitandani.

Mafundi vioo wanaijua hii bila kuisoma. Kule Gerezani mzee aliyenifundisha alikuwa anapitisha kisu cha gurudumu juu ya kioo mara moja tu, kinatoa sauti kama kanga mpya inachanwa, na hapohapo anakivunja kwa mkono. Mimi nikikata mstari nikaenda kuongea na mteja, nikirudi napata makofi ya maneno: "Umeulaza mkato!" Na kweli ukiulaza mkato mpaka kesho kioo hakifuati mstari vizuri, kinakwenda kinapotaka. Nilikuja kuelewa miaka mingi baadae. Gurudumu linaacha kabari ndefu chini ya mstari mzima na ufa wa wima chini yake, kabari ndo inayokusaidia kuvunja, lakini ukisubiri zile nyufa za ulalo zinakua taratibu chini ya mstari, zinailegeza kabari, msaada umekwisha. Na ukikandamiza kisu kupita kiasi unaona vipande vyeupe vidogo vinaruka kutoka kwenye mstari, hizo ni nyufa za ulalo zimefika juu palepale, mkato umeharibika. Mzee alikuwa anachovya gurudumu kwenye mafuta ya taa lisikwame, na mkono wake ulikuwa mwepesi ajabu. Yule mzee hakuwahi kusikia jina la Vickers lakini alikuwa anaidhibiti kabari kwa kiganja.

Turudi kwa fundi wako aliyesema jua. Kioo kikipata joto kinatanuka, kila nyuzi moja ya joto kinataka kurefuka sehemu 9 kwa milioni, na kama sehemu yake nyingine ni ya baridi inakizuia kutanuka, kinapata mkazo wa kama megapaskali 0.63 kwa kila nyuzi ya tofauti. Gari imeshinda juani stendi, kioo kimechemka, we unaingia unafungua AC mpaka mwisho na kuielekeza kwenye kioo, au kijana anakimwagia maji ya kisima, tofauti ya nyuzi 40 sio kitu cha ajabu. Hiyo ni megapaskali 25. Kioo kisicho na jeraha kinavumilia. Lakini kwa mkazo huo ufa wa nusu sahani wenye kina cha nusu milimita tu unakaribia kuruka, na kabari ikiwa inaongeza yake ndo kabisa. Kwaiyo fundi yuko sahihi kwamba jua linachangia, tena hata baridi ya alfajiri baada ya siku ya jua, ila jua peke yake bila kile kikokoto lisingekufanya kitu. Mkeo pia usimpuuze, gari ikiwa imefungwa vioo vyote na ukabamiza mlango, hewa ya ndani inasukuma kioo cha mbele, na zaidi ya hapo kioo hicho kimegandishwa kwa gundi kwenye bodi kwaiyo kila tuta na kila shimo unalopita bodi ikijipinda na kioo kinajipinda nayo. Yote hayo yanaongeza kwenye ncha ya ufa. Jirani ndo namkatalia kwa sababu kioo kizuri kabisa kutoka kiwandani kingefanya hivihivi, alama ya jiwe haiwezi kukwambia kioo ni cha nani.

Sasa, kwanini dirisha la ubavuni lina tabia nyingine? Nenda kwenye kona ya kila kioo cha gari yako usome maandishi madogo. Magari mengi ya Japani cha mbele utakuta kimeandikwa Laminated au Lamisafe, cha ubavuni Tempered au Temperlite. Cha mbele ni vioo viwili vya kama milimita 2 kila kimoja, katikati kuna utando wa plastiki usiofika milimita moja, ndo maana kinapasuka na hakikumwagikii. Cha ubavuni ni kioo kimoja kilichochomwa mpaka zaidi ya nyuzi 600 kisha kikapulizwa upepo wa ghafla, nje kikaganda kwanza, ndani kikaganda baadae kikawa kinavuta nje, kwaiyo uso wake wote umebanwa muda wote kwa megapaskali 70 hata 100 na zaidi. Mpira ukipiga lazima kwanza umalize hiyo bano ndo ufa upate nafasi ya kufunguka, hauwezi. Ila ndani ya kioo hicho, katikati ya unene, kuna mvuto mkubwa umefungiwa, na ncha kali ikitoboa ile tabaka iliyobanwa ikafika kwenye mvuto, kioo chote kinageuka kuwa punje punje kwa kufumba na kufumbua.

Ndo kazi ya ile nyundo nyekundu yenye ncha kwenye mabasi ya mikoani, na naomba sana wewe unayebeba watu uitie akilini: nyundo ina ncha kwa sababu hizihizi nilizokueleza, piga kwenye kona ya dirisha karibu na fremu, maana katikati kioo kinapinda na kuitupa nyundo, na usipoteze muda wako na kioo cha mbele, ule utando hautakuachia. Soma kwanza kona ya kioo, kuna magari ya siku hizi hata madirisha ya ubavuni ni ya utando.

Simu ni mambo hayohayo kwa njia nyingine. Kioo cha simu kinatumbukizwa kwenye chumvi ya potasiamu iliyoyeyushwa, kama nyuzi 400, sodiamu ndogo inatoka kwenye kioo potasiamu kubwa inaingia nafasi yake, uso unabanwa vikali sana, lakini tabaka hilo ni la makumi ya maikromita tu, karibu unene wa unywele. Simu ikianguka kifudifudi kwenye sakafu laini ya marumaru inaweza kupona, ikianguka juu ya chembe moja ya mchanga kwenye zege, chembe inalitoboa tabaka na basi. Ile protekta inayouzwa Kariakoo kazi yake ni kupokea hiyo chembe.

Kuhusu kioo chako. Futi moja na ufa unaelekea ukingoni, mi nisingetia hela kwenye kukizibazibia, kibadilishe, na usibebe abiria njia ndefu nacho maana kioo cha mbele kinashikilia na bodi pia. Watakwambia wanatoboa kitundu mwisho wa ufa ili usiendelee. Wazo lenyewe ni la kweli, ncha ya ufa ikigeuzwa kuwa tundu la mviringo mkazo unasambaa, lakini tundu likichimbwa na keekee ya kawaida kwa papara, keekee yenyewe ni ncha kali, inazaa nyufa mpya kuzunguka tundu. Nimeliona hilo mara nyingi mno.

Ungekuja Jumatatu jioni ile ile ingekuwa habari nyingine. Alama ndogo isiyofika ukingoni na isiyo mbele ya macho ya dereva inazibika: wanavuta hewa na unyevu kwa kipampu, wanasukumiza gundi nyepesi kama maji mpaka ndani ya nyufa, wanaigandisha kwa taa ya mwanga usioonekana. Gundi inashikanisha kuta za ufa na inazuia maji kufika kwenye ncha. Kabari haiondoki, lakini haina tena msaidizi. Siri ni kwamba ufa lazima uwe mkavu na msafi, ukishauosha kwa sabuni na ukapigwa na vumbi la Kibaha wiki nzima, gundi haipenyi.

Kwaiyo ukishafunga kioo kipya weka kwenye droo ya gari kitambaa kikavu na selotepu inayopitisha mwanga. Siku jiwe likigonga simama pembeni, pangusa kwa kitambaa usitie maji, bandika kipande cha selotepu juu ya alama, zima AC au igeuze isipulize kwenye kioo, endesha taratibu kwenye matuta, shusha dirisha kidogo kabla hujafunga mlango, na upitie kwa mtu wa gundi kabla hujafika nyumbani.